Kiporo cha Mbwa wa Bilpam

Barabara ya lami itokayo Nimule, mpakani mwa Uganda, ina urefu wa kilomita 192 hadi kufika Juba. Tangu ilipokamilika mwaka 2012 imekuwa ndiyo koo la mji huo mkuu wa Sudan Kusini: unga, sukari, vitunguu, sabuni na mafuta, sehemu kubwa hupitia hapo. Pamoja na shehena hizo huingia pia lugha. Madereva wa Mombasa, wafanyabiashara wa Kampala na mafundi wa Kongo hukutana Juba wakasalimiana kwa Kiswahili, na wenyeji wengi, hususan waliokulia katika makambi ya wakimbizi ya Kenya na Uganda, huitikia kwa lugha hiyo hiyo kabla ya kurejea kwenye Kiarabu chao cha Juba.

Msafiri akishavuka Mto Nile huuona mji umetandaa ukingoni upande wa magharibi. Hulipita soko la Konyo Konyo, lenye samaki, mboga na nyama, kisha huelekea kaskazini na kuuacha nyuma uwanja wa ndege. Huko, pembezoni mwa mji, ndiko iliko Bilpam, makao makuu ya jeshi la nchi.

Jina lililohama

Bilpam ya Juba si Bilpam ya kwanza. Ile ya awali ilikuwa kambi ya msituni katika eneo la Gambella, nchini Ethiopia, karibu na mpaka. Huko ndiko Jeshi la Ukombozi la Watu wa Sudan lilikojikusanya baada ya maasi ya Bor ya Mei 1983. Vijana wengi walifika huko kwa miguu, wakafunzwa kushika bunduki, na wengi wao hawakurudi. Mwaka 1991, serikali ya Mengistu Haile Mariam ilipoanguka, jeshi hilo lilitoka Ethiopia. Lakini jina halikusahauliwa. Mkataba wa amani ulipotiwa sahihi tarehe 9 Januari 2005, na wapiganaji wakaingia mijini, jina la kambi ya msituni lilipewa makao makuu ya Juba. Nchi ilijitawala tarehe 9 Julai 2011, na mwaka 2018 jeshi lenyewe likabadili jina na kuwa Jeshi la Ulinzi la Watu wa Sudan Kusini. Bilpam imebaki Bilpam.

Penye jeshi pana familia. Nyuma ya kila sare iliyoanikwa kambani yupo aliyeifua, na nyuma ya kila gwaride la asubuhi wapo watoto waliokunywa uji alfajiri. Kama ilivyo katika makambi na mitaa ya askari popote Afrika Mashariki, wapo pia mbwa. Wengine wana wenyewe, hufungwa mchana na kufunguliwa usiku walinde ua. Wengine ni mbwa koko, wasio na jina wala bakuli, ambao hujua saa ya kila jiko kuliko wapishi wenyewe. Mambo ya mbwa hao ndiyo yanayozungumzwa hapa, na hasa jambo moja dogo lisilopewa uzito: nyama ipi wapewe, na ipi wasipewe.

Jua la Juba na ndoano ya muuza nyama

Anayetaka kuielewa nyama ya Juba hana budi kulielewa kwanza jua la Juba. Kuanzia Januari hadi Machi, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana hufika aghalabu nyuzi 37 au 38, na siku nyingine huzidi. Ng'ombe wanaoliwa mjini wengi hutoka kwa wafugaji wa kandokando ya Nile, wakiwemo Wamundari wa Terekeka, ambao ng'ombe wao wenye pembe ndefu husifiwa mbali na karibu. Huchinjwa usiku au alfajiri. Kunapopambazuka mapaja yanakuwa yamekwisha kutundikwa kwenye ndoano, na nzi wamekwisha kupata habari.

Tangu saa hiyo mbio huanza baina ya mnunuzi na vijidudu. Katika joto la namna hiyo vijidudu vya bakteria huweza kujigawa mara mbili katika kila dakika 20 hivi. Hesabu yake hutisha: kijidudu kimoja, kikiendelea hivyo bila kuzuiwa kwa saa 8, kitakuwa kimezaa zaidi ya milioni 16. Ndiyo maana wataalamu wa afya husema nyama isikae nje ya ubaridi zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, isizidi saa 1. Mama wa nyumbani asiye na friji, au mwenye friji isiyo na umeme, hupambana na kanuni hiyo kwa sufuria na chumvi.

Wahenga wa nchi hiyo walikwisha kuipatia kanuni hiyo jawabu kabla ya umeme kuja. Huikata nyama vipande virefu vyembamba, wakaianika kambani juani na penye upepo mpaka ikakauka kama ukanda wa ngozi. Wasudani huiita sharmuti. Nyama ikishapoteza maji yake, vijidudu hukosa makao. Ikisagwa au kupikwa mchuzi, huliwa na asida, ambayo ni ndugu wa ugali. Nyama iliyokaushwa vema na kuhifadhiwa pakavu haiwi kiporo hata ikikaa wiki nyingi.

Tatizo ni ile isiyokaushwa. Ilinunuliwa jana, ikapikwa nusu, nusu ikaachwa. Baba alikuwa lindo, hakurudi. Asubuhi sufuria ikafunuliwa na harufu ikapanda. Kuitupa ni uchungu, maana mshahara wa askari haupimwi kwa mizani ya nyama. Macho ya mama hutazama uani, na uani yupo anayetikisa mkia. Jirani huongeza neno lake: "Mpe tu, dada. Mbwa haumwi tumbo." Na muuza nyama naye, jioni anapofunga kibanda, hukusanya mabaki ya mchana kutwa katika karatasi: "Shika na haya, mama, ya mbwa wako. Bure."

Je, ni kweli mbwa haumwi tumbo?

Tumbo la mbwa

Maneno ya jirani yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yameishi muda mrefu. Mbwa ni mla mizoga kwa asili. Asidi ya tumbo lake ni kali, na vijidudu vingi vinavyomlaza binadamu kitandani hufia humo. Huweza kuufukua mfupa alioufukia juzi, akaula, akalala usingizi mnono.

Lakini ukali wa tumbo si ngao ya chuma. Kwanza, si vijidudu pekee vidhuruvyo, bali pia sumu viliyoiacha. Baadhi ya bakteria hutoa sumu isiyoharibiwa na moto. Nyama iliyooza ikichemshwa hata saa nzima, vijidudu hufa, lakini sumu ya namna hiyo hubaki katika mchuzi. Kwa hiyo ile desturi ya kuichemsha upya nyama iliyonuka "ili iwe salama kwa mbwa" husaidia nusu tu. Pili, chakula kilichoota ukungu huweza kuwa na sumu inayomtetemesha mbwa viungo vyote hadi akaanguka. Tatu, ipo sumu ya nyama iliyooza pasipo hewa, ambayo hulegeza misuli kuanzia miguu ya nyuma. Mbwa huistahimili kuliko wanyama wengi, lakini wapo waliouawa nayo. Nne, mafuta mengi ya mara moja, kama yale mabaki ya karatasi ya muuza nyama, huweza kukiwasha kiungo kiitwacho kongosho, na mbwa akatapika siku mbili bila kula.

Dalili za mbwa aliyedhuriwa na nyama mbovu hazijifichi: kutapika, kuhara, hasa kuhara damu, kutetemeka, kulegea miguu, kukataa maji. Mbwa mkubwa mwenye afya aghalabu hupona kwa kupumzishwa na kunyweshwa maji safi. Kitoto cha mbwa, jike anyonyeshaye na mbwa mzee huweza kufa kwa siku moja, kwa kuwa kuhara katika joto la Juba hukausha mwili upesi.

Tano, na hili humhusu mwenye mbwa kuliko mbwa, mnyama huyo huweza kula nyama yenye bakteria wa salmonela asionyeshe dalili yoyote, huku akiwatoa katika kinyesi chake siku nyingi. Yeye hana maradhi, lakini mtoto anayetambaa uani huyapata. Hapo ndipo inapoanguka pia desturi nyingine ya hatari, nayo ni kumpa mbwa kipande cha nyama inayotiliwa shaka, kumtazama kidogo, na akionekana mzima, kuipeleka sufuriani. Mbwa si kipimo cha binadamu. Tumbo lake husamehe yasiyosamehewa na tumbo la mtoto, na sumu nyingi huchukua saa kadhaa kujitokeza, wakati nyumba nzima imekwisha kula.

Askari wanaofanya kazi na mbwa waliofunzwa hawahitaji kuambiwa hayo. Sudan Kusini ni nchi iliyozikwa mabomu mengi wakati wa vita, na mbwa wa kunusa baruti wametumika kusaidia kuyatafuta. Mbwa wa kazi hiyo, kama wale wa polisi katika nchi jirani, hulishwa kwa kipimo na kwa saa. Hapewi makombo. Mbwa hujipoza kwa kuhema, na anapohema sana hanusi sawasawa. Mbwa anayehara hupungukiwa maji, huhema mapema, na pua yake hushindwa kazi. Kwa mtegua mabomu anayemfuata nyuma, kiporo kimoja kibovu huweza kuwa tofauti ya hatua moja.

Kinachonuka na kisichonuka

Mpaka hapo hatari iliyotajwa ni ile inayojitangaza. Nyama iliyooza hunuka, huteleza, hubadilika rangi, huita nzi. Pua ya mama ni mlinzi mwaminifu, na mara nyingi inatosha. Hatari kubwa zaidi kwa nyumba ya askari wa Bilpam haimo katika nyama hiyo. Imo katika nyama mbichi kabisa, iliyochinjwa leo, isiyo na harufu yoyote.

Kutoka Juba, barabara ya mashariki hupita Torit na kufika Kapoeta, nchi ya Watoposa, kisha huvuka mpaka na kuingia Lokichoggio, nchi ya Waturkana wa Kenya. Jamii hizo mbili za wafugaji zimejulikana kwa wataalamu wa tiba duniani kwa sababu ya maradhi yaitwayo hidatidi. Uchunguzi uliofanywa Turkana na kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba kaskazini-magharibi mwa wilaya hiyo wagonjwa wapya walizidi 200 kwa mwaka katika kila watu 100,000, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vikubwa kabisa kupata kuandikwa mahali popote. Maradhi hayo yamekutwa pia miongoni mwa Watoposa upande wa Sudan Kusini.

Chanzo chake ni tegu mdogo mno, mwenye urefu wa milimita chache tu, anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mbwa mmoja huweza kubeba maelfu ya tegu hao akabaki mnene na mchangamfu. Mayai yao hutoka na kinyesi, yakashika kwenye manyoya, mchangani, majanini na katika maji. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia huyameza malishoni. Ndani ya maini na mapafu ya mnyama huyo yai hugeuka kifuko cha maji, chenye ukubwa wa punje, kisha wa yai la kuku, na hata zaidi. Mnyama akichinjwa, mchinjaji huliona ini lenye malengelenge meupe, akaona halifai kuuzwa, akalikata, akalitupa. Anayelidaka ni mbwa. Baada ya wiki 6 au 7 hivi tegu wapya wamekomaa tumboni mwake, na duara limefungwa.

Binadamu huingia katika duara hilo kwa bahati mbaya, na aingiaye aghalabu ni mtoto. Humkumbatia mbwa, hulambwa usoni, hupeleka mkono kinywani. Yai likishuka tumboni hupenya hadi kwenye damu, likafika katika ini au pafu, na huko likaanza kujenga kifuko chake polepole. Miaka hupita. Mtoto aliyelambwa akiwa na miaka minne huweza kufika jeshini au kuolewa kabla ya tumbo kuanza kuvimba. Kifuko kikipasuka ndani, kwa pigo au kwa kuanguka, mgonjwa huweza kuzimia na kufa pale pale, au vifuko vingine vingi vikaota badala ya kimoja. Tiba ipo, kwa dawa na kwa upasuaji, lakini ni ndefu na yataka hospitali yenye vifaa.

Kwa nini Turkana ilipata shida kuliko kwingine? Maji huko ni adimu. Mbwa hulala ndani ya kibanda pamoja na watu, na katika familia nyingi alitumika kumsafisha mtoto mchanga kwa ulimi, kwa kuwa maji ya kumwoshea hayakuwapo. Hakuna wa kulaumiwa katika hilo. Ukame una sheria zake. Lakini ulimi uliolamba kinyesi na manyoya ndio uliolamba uso wa mtoto.

Hapa ndipo mbwa na mtu wanapogawana ulinzi. Mbwa hunusa bomu lililozikwa, ambalo macho ya mtu hayalioni. Lakini kifuko ndani ya ini, ambacho macho ya mtu hukiona waziwazi, pua ya mbwa hukiona kuwa ni chakula kizuri. Katika jambo hili mbwa hawezi kujilinda, seuze kuilinda nyumba. Ni zamu ya mwenye mbwa.

Kijitabu cha Iceland na dawa za Turkana

Yaweza kudhaniwa kwamba maradhi yenye mzunguko wa namna hiyo hayang'oki. Historia yasema vingine. Katika karne ya 19 kisiwa cha Iceland, katika bahari ya kaskazini kwenye baridi kali, kilikuwa na hidatidi kwa wingi wa kutisha, na huko wabebaji walikuwa kondoo na mbwa wa wachungaji. Mwaka 1863 mtaalamu wa Denmark aitwaye Harald Krabbe alifika kisiwani, akawachunguza mbwa, akakuta zaidi ya robo yao wana tegu. Mwaka uliofuata aliandika kijitabu chepesi kikafikishwa katika nyumba za nchi hiyo. Watu wa Iceland walikuwa na desturi ya kusoma usiku mrefu wa baridi, nao wakakisoma. Kijitabu kiliwaeleza jambo moja kubwa: maini na mapafu yenye vifuko yazikwe au yachomwe, yasipewe mbwa. Sheria ya kudhibiti mbwa ikafuata mwaka 1869. Watoto waliozaliwa baadaye walipata maradhi hayo kwa uchache uliozidi kupungua, na hatimaye yakatoweka nchini humo. Hapakuwa na dawa ya ajabu. Yalikuwapo maarifa yaliyofika jikoni.

Turkana nayo ilianza safari yake mwaka 1983, wakati shirika la AMREF lilipoanzisha mpango wa kupambana na hidatidi likishirikiana na serikali ya Kenya. Mbwa walipewa dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli kila baada ya wiki 6, mbwa wasio na wenyewe wakapunguzwa, wagonjwa wakapasuliwa, na wafugaji wakafundishwa chini ya miti namna maradhi yanavyozunguka. Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulionyesha wagonjwa wakipungua. Kazi haijaisha, kwa kuwa mfugaji huhama na mbwa humfuata, lakini imethibitika kwamba jangwani pia duara huweza kukatwa.

Bilpam si Turkana. Lakini askari wa jeshi la taifa hutoka kila jimbo, huhamishwa kila jimbo, na mbwa na mbuzi huhama na familia zao. Tena mifugo iliwayo mjini hutoka mbali. Kifuko hakiulizi kibali njiani.

Nyamafu na kichaa

Yapo mambo mawili zaidi ya kutajwa kwa ufupi, kwa kuwa yanahusu mbwa na nyama.

La kwanza ni nyamafu, yaani mnyama aliyekufa mwenyewe. Mwaka 2022 na miaka iliyofuata, ugonjwa wa kimeta uliripotiwa katika majimbo ya Warrap na Bahr el Ghazal ya Magharibi. Ng'ombe aliyekufa ghafla, tumbo likavimba upesi, na damu nyeusi isiyoganda ikatoka puani au kwenye matundu mengine, asichunwe, asipasuliwe, asiachiwe mbwa. Mbwa huistahimili kimeta kuliko ng'ombe, lakini akiukokota mzoga hutawanya mbegu za ugonjwa, na mbegu hizo huishi ardhini miaka mingi. Aitwe Bwana Mifugo, na mzoga uchomwe au uzikwe kwa maelekezo yake.

La pili ni kichaa cha mbwa. Nyama inayotupwa ovyo nyuma ya nyumba huwaita mbwa koko wa mtaa mzima, wakapigana, wakaumana. Kichaa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wa Afrika na Asia, na dalili zikishaanza hakuna dawa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akadungwe chanjo. Kisiwani Pemba, chanjo kwa mbwa iliyotolewa kwa wingi na kurudiwa ilikikomesha kichaa mwaka 2018. Kambi iliyo safi, isiyo na mabaki ya nyama, hupunguza mbwa wa kuzurura kabla ya chanjo kuanza kazi yake.

Uani na jikoni

Yote hayo yakikusanywa, nyumba ya askari inaweza kufuata mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi.

Nyama iliyonuka, iliyoteleza au iliyoota ukungu asipewe mbwa, hata ikichemshwa. Izikwe shimoni, kina kisichopungua mita 1, mbali na kisima, ili isifukuliwe.

Kiporo cha jana kilichopikwa na kuwekwa vizuri, kisicho na harufu, mbwa anaweza kupewa kikiwa na asida au ugali, pasipo vitunguu, chumvi nyingi wala mafuta ya kuelea. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyotoboa utumbo, isitupwe uani.

Maini, mapafu, wengu na figo vitazamwe kwa macho na kupapaswa kwa vidole kabla ya kumpa mbwa. Penye malengelenge au vifuko vya maji, kiungo chote kichomwe au kizikwe, na kifuko kisitobolewe kwa mchezo. Pasipoonekana kitu, bado kichemshwe nusu saa nzima. Mabaki ya bure kutoka kwa muuza nyama yapewe uangalizi huo huo, tena kwa ukali zaidi, kwa kuwa kinachotolewa bure mara nyingi ni kile alichokataa mnunuzi.

Mbwa apewe dawa ya tegu kwa ratiba ya Bwana Mifugo, na kinyesi chake kizolewe na kuzikwa. Watoto wafundishwe kunawa mikono kwa sabuni baada ya kucheza naye, na wasilambwe usoni. Mboga zilizolimwa uani zioshwe vizuri.

Mtu mwenye uvimbe tumboni usiouma, unaokua polepole mwaka hata mwaka, hasa akiwa amekulia kwa wafugaji, asipelekwe kukandwa wala kuchanjwa chale. Apelekwe hospitali akapigwe picha ya mawimbi ya sauti, ambayo huonyesha kifuko bila kumuumiza.

Muuza nyama naye ana sehemu yake. Akichimba shimo moja nyuma ya kibanda na kulifunika kwa bati zito, ini bovu likaishia humo badala ya kutupwa njiani, atakuwa amewakinga watoto asiowajua majina. Shimo hilo ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye sepetu, na kambini sepetu hazikosekani.